Saratani ya watoto: Dawa ni bure, mzazi atalala wapi?

INAPOTAJWA saratani, wakazi wengi wa mjini humfikiria mtu mzima aliyevuta sigara kwa miaka mingi, au mama aliyegundulika kuwa na saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi. Ni wachache wanaomfikiria mtoto wa miaka sita aliyevimba taya, au mtoto wa mwaka mmoja ambaye mboni ya jicho lake imeanza kuwa nyeupe. Hata hivyo watoto hao wapo, na wengi wao wanaweza kupona kabisa.

Kinachomtenganisha mtoto anayepona na asiyepona mara nyingi si dawa peke yake. Ni iwapo familia yake iliweza kufika hospitali mapema, na iwapo iliweza kubaki karibu na hospitali hiyo hadi dozi ya mwisho. Kwa sababu hiyo, hospitali kubwa za mijini zinazotibu watoto zimejifunza kwamba kitanda cha mama, sahani ya chakula na nauli ya basi ni sehemu ya tiba, sawa na dripu inayoning'inia kando ya mgonjwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri usiozidi miaka 19 hupatwa na saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona.

Pengo hilo lina sababu zinazojulikana. WHO inazitaja kuwa ni ugonjwa kutogunduliwa kabisa, kugunduliwa kimakosa au kwa kuchelewa, vikwazo vya kuifikia tiba, madhara ya dawa, ugonjwa kurudi, na familia kukatisha matibabu. Sababu hii ya mwisho ndiyo isiyozungumzwa sana, ingawa ndiyo inayoweza kupunguzwa bila kusubiri mashine mpya wala dawa mpya.

Ugonjwa uliotambuliwa Afrika Mashariki

Baadhi ya ushahidi wa mwanzo kwamba saratani ya mtoto inaweza kutibika kwa dawa ulipatikana katika ukanda huu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa muda wa wiki 10, mwendo wa zaidi ya kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine mashariki na kusini mwa Afrika kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani.

Ilibainika kwamba uvimbe huo ulionekana zaidi katika maeneo yenye joto na mvua nyingi, ambayo pia ndiyo maeneo yenye malaria. Ugonjwa huo leo unajulikana duniani kote kwa jina la Burkitt. Katika miaka ya 1960 madaktari waliona jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo: uvimbe uliokuwa umeharibu uso wa mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache baada ya dawa kuanza, na baadhi ya watoto hawakuugua tena. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho baadaye kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Saratani za watoto hutofautiana na nyingi za watu wazima kwa namna mbili. Kwanza, kwa sehemu kubwa hazitokani na tumbaku, pombe wala mwenendo wa maisha, hivyo mzazi hana sababu ya kujilaumu. Pili, nyingi hukua kwa kasi, na seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zinazodhurika zaidi na dawa. Ugonjwa wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Unaweza kumuua mtoto ndani ya miezi michache, lakini pia unaweza kuondoka kabisa iwapo dawa zitaanza mapema na kutolewa zote.

Kutoka Ocean Road hadi Muhimbili

Nchini Tanzania, kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani alikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia: Ocean Road, jijini Dar es Salaam, katika majengo ya kando ya bahari yaliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilifanywa kuwa taasisi inayojitegemea. Watoto walitibiwa hapo pamoja na watu wazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 huduma ya watoto ilihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kitabibu. Mtoto mwenye saratani hahitaji daktari wa saratani peke yake. Anahitaji daktari bingwa wa watoto, mpasuaji wa watoto, maabara ya damu, chumba cha wagonjwa mahututi na wauguzi waliozoea kumtafuta mshipa kwenye mkono mdogo. Kwa mionzi, watoto waliendelea kupelekwa Ocean Road, ambako mashine zilibaki.

Katika kazi hiyo Muhimbili imeshirikiana na Tumaini la Maisha, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa nchini mwaka 2011. Ushirikiano huo umejengwa juu ya hoja moja, nayo ni kwamba mtoto atibiwe bila familia yake kutozwa fedha. Sera ya taifa nayo imekuwa ikielekea huko. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za umma mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa saratani walikuwa miongoni mwa makundi yaliyowekewa msamaha.

Kwa nini mtoto haruhusiwi kurudi nyumbani

Ndugu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba mtoto amepewa dawa, anatembea na kucheza, lakini hapaswi kurudi Kigoma, Mtwara au Mwanza. Maelezo yake ni haya.

Dawa za saratani hutolewa kwa mizunguko. Mara nyingi mtoto hupewa dawa kwa siku moja au kadhaa, kisha hupumzika hadi mwili urudishe nguvu, na mzunguko mwingine huanza baada ya wiki mbili au tatu. Kwa baadhi ya saratani mizunguko hiyo humalizika ndani ya miezi michache. Kwa saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, tiba huchukua miaka miwili hadi mitatu, ingawa sehemu kubwa ya kipindi hicho ni ya vidonge na mahudhurio ya kliniki.

Hatari kubwa haiko siku ya dripu. Dawa inayoua seli za saratani hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na upungufu huo hufikia kiwango cha chini kabisa kiasi cha wiki moja hadi mbili baada ya dozi. Wakati huo homa ndogo, ambayo kwa mtoto mwingine ingesubiri hadi asubuhi, huwa ni dharura. Mtoto anapaswa kupewa dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa ndani ya muda mfupi. Akiwa wodini au umbali wa dakika chache kutoka wodini, homa hiyo hutibiwa. Akiwa kijijini, umbali wa saa kadhaa kutoka hospitali ya wilaya, homa hiyo hiyo inaweza kumuua hata kama saratani yenyewe ilikwisha kurudi nyuma.

Dawa hizo hupunguza pia chembe nyekundu na chembe sahani, ndiyo sababu watoto hawa huhitaji kuongezewa damu mara kwa mara. Mtoto aliyedhoofu kwa lishe duni hustahimili dawa kwa shida zaidi kuliko mwenzake. Hivyo mlo bora wodini si ukarimu tu. Ni hatua ya kuufanya mwili uweze kuipokea dozi inayofuata.

Gharama zisizo kwenye stakabadhi

Hapo ndipo neno "bure" linapoanza kupungua uzito. Dawa inaweza kuwa bure, kitanda cha mtoto kikawa bure, na bado familia ikashindwa.

Hesabu ni rahisi. Mama na mtoto wakikaa mjini kwa siku 180, nao wakila mara tatu kwa siku, ni milo 1,080. Kuna nauli ya kuja na ya kurudi. Kuna sabuni, nguo na vocha ya simu ya kuwasiliana na waliobaki nyumbani. Mama anayelima hukosa msimu mzima wa kupanda au wa kuvuna. Mama mwenye genge au meza ya vitafunwa hukuta wateja wamehamia kwa mwingine. Baba anayefanya kibarua hulazimika kuchagua kati ya kumtembelea mgonjwa na kuwalisha watoto waliobaki, ambao nao wamekosa mlezi na pengine wameacha kwenda shule.

Gharama hizo hazimo kwenye stakabadhi ya hospitali, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahauliwa na wapangaji wa bajeti. Lakini ndizo zinazoamua iwapo kitanda kitabaki na mgonjwa au kitakutwa kitupu asubuhi.

Pale familia inapoondoka

Wataalamu wa saratani za watoto wana kipimo cha jambo hili. Mtoto huhesabiwa kuwa amekatisha tiba iwapo familia haikuanza kabisa matibabu yanayoweza kumponya, au iwapo amekosa matibabu kwa wiki nne mfululizo au zaidi bila sababu ya kitabibu. Muda huo unatosha kwa seli zilizobaki kukua upya, na mara nyingi ugonjwa unaporudi huwa mgumu zaidi kutibika.

Ni rahisi kuwaita wazazi hao wazembe. Ukweli ni kwamba wengi huondoka kwa sababu ambazo mtu mwenye busara angezielewa. Ya kwanza ni mafanikio yenyewe. Uvimbe ukishatoweka baada ya dozi moja au mbili, mzazi huona kwa macho yake kuwa mtoto amepona, wala hakuna aliyemweleza kwa lugha nyepesi kwamba seli zisizoonekana bado zipo. Ya pili ni hofu ya upasuaji. Katika saratani ya jicho ambayo kitaalamu huitwa retinoblastoma, wakati mwingine njia ya kuokoa maisha ni kuliondoa jicho lililoathirika, na uamuzi huo si mwepesi kwa mzazi yeyote. Mara nyingine anayepaswa kuukubali ni baba au babu aliye mbali, ambaye hakumsikia daktari akieleza.

Sababu nyingine ni fedha iliyokwisha, ndugu wanaosema kuwa ugonjwa huo ni wa kurogwa, nywele zilizokatika na kumfanya mtoto achekwe, au mama kusikia kwamba mtoto mwingine aliyemwacha nyumbani anaumwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa dripu.

Mzazi kama sehemu ya tiba

Wazo kwamba mzazi ana nafasi yake hospitalini halikuanza kwa urahisi hata katika nchi tajiri. Nchini Uingereza, hadi miaka ya 1950 hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa wiki, kwa madai kwamba ziara zilisababisha vilio na kueneza maradhi. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alitengeneza filamu iliyoonyesha jinsi mtoto wa miaka miwili alivyonyong'onyea alipoachwa peke yake wodini. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote, na kina mama waweze kulala nao. Mwaka 1974 mjini Philadelphia, Marekani, ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, ambamo familia za watoto waliokuwa wakitibiwa zilipata malazi jirani na hospitali.

Katika hospitali za Afrika Mashariki mama hakuwahi kuwa mgeni wodini. Ndiye aliyemlisha mtoto, aliyemwogesha na aliyewaita wauguzi usiku. Tatizo lilikuwa kwamba alitegemewa bila kutazamwa: alilala sakafuni kwenye kanga, alikula mabaki, na mtoto alipopumzishwa kusubiri mzunguko mwingine, yeye hakuwa na pa kwenda katika jiji asilolijua.

Huduma za kuzisaidia familia zimeanzia katika pengo hilo. Kwa watoto wanaotibiwa Muhimbili, Tumaini la Maisha imekuwa na nyumba ya malazi ijulikanayo kama Ujasiri, ambamo mtoto na mlezi hukaa kati ya dozi moja na nyingine badala ya kujazana wodini au kurudi mkoani. Palipo na nyumba ya aina hiyo, kitanda cha wodi humbakia mtoto aliye mgonjwa zaidi, na mwenye homa hufikishwa hospitali mapema.

Lipo pia suala la darasa na michezo. Mtoto anayekaa hospitali kwa miezi bila kushika kalamu hurudi shuleni akiwa amepitwa na wenzake, na wengine hawarudi kabisa. Mwalimu wodini, vitabu na midoli humkumbusha mtoto na mzazi wake kwamba kuna maisha baada ya ugonjwa, na kwamba hospitali haimwandai mtoto kufa.

Mhimili mwingine ni afisa ustawi wa jamii. Huyu ndiye anayeuliza maswali ambayo daktari hana muda wa kuyauliza: nani amebaki na watoto nyumbani, nani mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, nauli itatoka wapi, na namba ya simu ya jirani ni ipi iwapo ya mama haipatikani. Simu moja kwa familia iliyokosa kliniki siku ya kwanza inaweza kumrudisha mtoto kabla wiki nne hazijatimia.

Si kila mtoto atapona, hasa anayefikishwa hospitali ugonjwa ukiwa umesambaa. Kwa hao ipo tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kuifariji familia. Mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo, humwezesha mtoto kulala bila kulia. Wazazi walioelezwa ukweli kwa upole hupata nafasi ya kuamua wapi wanataka kuzitumia siku zilizobaki.

Dalili za kutopuuzwa

Kwa mzazi wa mjini, ambaye hospitali haiko mbali, wajibu wa kwanza ni kutochelewa. Dalili zifuatazo zinahitaji kuchunguzwa na daktari, hasa zinapoendelea licha ya matibabu ya kawaida: uvimbe wowote usiopungua, hususan kwenye taya, shingo au tumbo, weupe ndani ya mboni ya jicho, au jicho moja kung'aa kwa weupe katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, makengeza yaliyoanza ghafla, homa isiyokwisha ingawa kipimo hakionyeshi malaria, kupauka, michubuko au kutokwa damu bila sababu, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku, na maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika asubuhi.

Nyingi ya dalili hizo huweza kuwa na sababu nyingine nyepesi. Lakini mtoto aliyetibiwa malaria mara tatu bila nafuu, au aliyekandwa tumbo kwa miezi akidhaniwa ana bandama, anastahili rufaa.

Tiba inaposogea karibu

Njia ya kudumu ya kupunguza mzigo wa malazi na nauli ni kuisogeza tiba. Hatua hiyo imeanza. Hospitali za Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi nazo hutibu saratani za watoto, na hospitali nyingine za kanda zimekuwa zikijengewa uwezo. Mtoto wa Geita anayeweza kupewa dozi zake Mwanza huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzimaliza kuliko anayelazimika kuvuka nchi hadi Dar es Salaam.

Hata hivyo kusogeza dawa bila kusogeza huduma za familia ni kulihamisha tatizo. Kila kituo kitakachofunguliwa kitahitaji pa kulala, jiko, mwalimu na afisa ustawi wa jamii, na vitu hivyo vinapaswa kuwamo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Mahali pengi huduma hizo zimeachiwa wafadhili. Mfadhili anaweza kubadili vipaumbele, wakati tiba ya mtoto wa saratani ya damu ni ahadi ya miaka mitatu.

Wakazi wa jiji nao wana la kufanya pasipo kusubiri bajeti. Damu na chembe sahani haziuzwi dukani, na chembe sahani huhifadhiwa kwa siku chache tu, hivyo mchangiaji wa kila baada ya miezi michache ana thamani kuliko umati unaojitokeza siku moja kwa mwaka. Misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vinavyopeleka zawadi wodini vinaweza kuwauliza kwanza wahusika wa ustawi wa jamii ni kitu gani kinachopungua. Mara nyingi jibu litakuwa nauli.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama aliyeleta mtoto wake kutibiwa mjini ni mgeni wa miezi sita, na hawezi kushika jembe kwa kuwa mikono yake imemshika mgonjwa. Akipata pa kulala na cha kula, atabaki. Akibaki, dozi ya mwisho itatolewa, na mtoto atakuwa amepata nafasi yake kamili ya kupona.